Kubadili Sanduku la Usukani la Gari Kuukuu

(Mazungumzo ya fundi kwa wanakisomo wa Mafia)

Leo tuzungumze juu ya gari. Najua wapo watakaosema, "Mimi sina gari, yanihusu nini?" Yanakuhusu, ndugu yangu. Gari la kijiji ndilo linalobeba nazi zako mpaka Kilindoni. Ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitali usiku. Ukishapanda, maisha yako yamo mikononi mwa dereva. Na mikono ya dereva imeshika usukani.

Usukani wa chombo na usukani wa gari

Sisi watu wa visiwani neno usukani tulilijua kabla gari halijaja. Katika jahazi nahodha hushika kana. Kana hugeuza usukani, chombo kikafuata. Kana ikilegea, nahodha huvuta na chombo hakigeuki. Hapo tanga jipya halisaidii kitu.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Tuchukue Land Rover kuukuu. Land Rover za kwanza zilitoka Uingereza mwaka 1948. Zile tulizozizoea sana vijijini zilitengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1985. Nyingine zinafanya kazi mpaka leo. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha, mapya kwa makuukuu. Basi chuma kizuri hakifi upesi. Lakini huchakaa.

Usukani wa gari hilo umeshikana na fimbo ndefu. Fimbo inaingia katika sanduku la chuma. Mafundi huliita stelingi boksi. Ndani yake fimbo ina nyuzi kama parafujo kubwa. Juu ya nyuzi ipo nati, na katikati yao zimo golori ndogo. Ukizungusha usukani, nati hupanda au hushuka. Nayo hugeuza mkono mfupi wa chuma ulio nje ya sanduku. Mkono huo huvuta vyuma virefu vinavyogeuza matairi.

Golori na nyuzi zikilika, usukani huwa na pleyi. Dereva anazungusha, gari halisikii.

Chunguza kwanza

Usikimbilie kununua sanduku. Pengine ubovu uko pengine.

Simamisha gari mahali tambarare na uzime injini. Mtu mmoja akae kwenye kiti atikise usukani polepole, kushoto na kulia. Wewe inama utazame. Usukani ukitikisika na ule mkono mfupi hautikisiki, pleyi imo ndani ya sanduku. Mkono ukitikisika lakini chuma kirefu hakifuati, iliyolika ni tairodi. Hiyo ni kazi ndogo zaidi.

Tazama pia kama sanduku lenyewe linacheza mahali lilipofungwa. Huenda ni boliti tu zimelegea.

Sanduku lina skrubu ya kupunguza pleyi. Skrubu hiyo hukazwa kidogo tu, matairi yakiwa yametazama mbele sawasawa. Wapo wanaoikaza kwa nguvu ili kuficha uchakavu. Huo ni udanganyifu wa hatari. Usukani utakuwa mgumu, na kwenye kona hautarudi.

Kununua sanduku jingine

Vipuri vingi hutuvukia kutoka Dar es Salaam. Ukikosea, nauli imekwenda bure. Kwa hiyo andika kwenye daftari aina ya gari, mwaka wake, na namba iliyochapwa kwenye chesisi. Hapa ndipo faida ya kisomo inapoonekana. Mwaka 1971 Mafia ilikuwa mojawapo ya wilaya sita zilizotangulizwa katika kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Wazee wetu hawakusoma ili kuandika barua tu. Walisoma ili kazi zao ziende vizuri.

Likiwa sanduku lililokwisha tumika, hakikisha limetoka katika gari lenye usukani wa kulia kama letu. Lizungushe kwa mkono toka mwisho huu hadi mwisho ule. Likikwama au likikwaruza, liache.

Kulitoa la zamani

Hewa yetu ya chumvi hula chuma. Siku moja kabla ya kazi, paka dizeli kwenye nati na boliti zote. Usiku kucha italegeza kutu.

Asubuhi weka gogo mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Inua mbele kwa jeki, kisha kalisha chesisi juu ya stendi imara za chuma au magogo mazito. Tofali hupasuka, na jeki huteremka. Mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Toa waya wa betri, kwa sababu waya wa honi umo katika usukani. Nyoosha matairi yatazame mbele. Kisha chapa alama kwa tindo: mstari mmoja juu ya mkono mfupi, na mstari wa pili unaoelekeana nao juu ya mhimili wake. Chora alama hizo katika daftari. Bila alama utarudisha mkono upande, na gari litageuka vizuri kulia lakini kushoto likatae.

Fungua tairodi. Utoe mkono mfupi kwa pula. Usiupige mhimili kwa nyundo, maana utaharibu yaliyo ndani. Ondoa usukani, tairi la mbele la kulia, na mabati ya ndani ya madigadi. Fungua boliti za sanduku. Sanduku na fimbo yake vitatoka pamoja kupitia nafasi ya tairi.

Sasa gonga kwa nyundo mahali sanduku lilipokuwa limefungwa. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza husema "pu". Kikisema hivyo, mwite fundi wa kuchomelea kwanza. Sanduku jipya juu ya chuma kilichooza ni kama kufunga kana mpya kwenye usukani uliooza.

Kuliweka jipya

Zungusha sanduku mpaka mwisho wa upande mmoja. Kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili. Tuseme umepata mitatu na nusu. Rudi nusu yake, yaani mmoja na robo tatu. Hapo ndipo katikati. Matairi yakiwa yametazama mbele, na sanduku likiwa katikati, ndipo uuvike mkono mfupi.

Kaza boliti zote. Weka kotapini mpya. Ndugu zangu, msumari si kotapini. Msumari hukatika, nati hufunguka, na gari halina usukani tena. Na mkono uliopasuka hauchomelewi. Hutupwa.

Tia oili ya gia namba 90 mpaka usawa wa tundu la kujazia. Usome kopo kabla ya kumimina. Wengine wakiona sanduku linavuja hujaza grisi. Grisi haifiki kwenye golori zote. Badili sili.

Kujaribu

Gari likiwa bado juu, zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Matairi yagote kwenye vizuizi vya eksili kabla sanduku halijafika mwisho wake. Likitangulia sanduku, umekosea katikati. Fungua urudie.

Halafu shusha gari, liendeshe polepole kiwanjani, likiwa tupu. Usipakie abiria siku hiyo. Baada ya safari ndefu ya kwanza, kama kutoka Kilindoni hadi Bweni na kurudi, kagua nati zote tena.

Ndugu wanakisomo, kazi hii yaweza kufanyika chini ya mwembe. Haitaki gereji kubwa. Yataka watu wawili, vyombo vichache, daftari, na subira. Na wewe abiria una haki ya kumwuliza dereva, "Usukani unacheza kiasi gani?" Usione haya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.



Maswali ya kujadiliana
1. Utajuaje kama pleyi imo katika sanduku au katika tairodi?
2. Kwa nini tunachapa alama kabla ya kufungua?
3. Sanduku lina mizunguko minne. Katikati yake ni wapi?
4. Gari la kijiji chenu lilikaguliwa usukani lini? Nani atalikagua?