Misuli Iliyokakamaa na Ukuaji wa Mtoto

Leo tunamzungumzia mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli yake imekakamaa.

Mifupa yake hurefuka, lakini msuli uliokaza hubaki nyuma. Viungo hujikunja, na nyonga huweza kuteguka. Watoto wengi wenye hali hii pia hutafuna na kumeza kwa shida, hivyo hudumaa hata chakula kikiwepo.

Tiba haiuponyi ubongo, bali hulegeza misuli: mazoezi ya viungo kila siku, vifaa vya kunyoosha miguu, na dawa kama baklofeni. Misuli ikitulia, mtoto huketi vizuri, huhudumiwa kwa urahisi, na wapo wanaoongezeka uzito. Dawa hiyo msiikatize ghafla, ni hatari.

Wazazi na walezi, mlisheni akiwa ameketi wima, polepole, kwa uji mzito wenye unga wa dagaa au parachichi lililopondwa. Apimwe uzito kila kliniki. Mtoto huyu hakurogwa, wala si wa kufichwa ndani. Mpelekeni kituo cha afya mapema, kabla viungo havijajikunja.