Mashindano ya Kazi za Mbao: Kwa Nini Dawati Limelishinda Kabati

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa waamuzi, kwa niaba ya wenzake, baada ya kutangazwa matokeo ya mashindano ya mwaka ya Chama cha Useremala cha shule yetu.



Waamuzi wenzangu wawili wamenituma niseme machache kwa niaba yao. Mmoja wao ni fundi seremala mwenye karakana mjini. Wa pili ni mwalimu wa fizikia wa shule hii. Mimi ni mtumishi wa serikali katika shughuli za ununuzi na ugavi. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupokea meza, viti na makabati kutoka kwa wazabuni, na kutia saini kwamba vinafaa au havifai. Sijui kupiga randa kama fundi, lakini najua meza inavyokuwa baada ya miaka miwili ya kukaliwa na mafaili.

Tangu matokeo yatangazwe asubuhi, minong'ono imesikika. Watu wanauliza: inawezekanaje dawati la mbao za paini, lisilo na nakshi wala rangi, lipewe nafasi ya kwanza, na kabati la mninga lenye milango miwili na vanishi inayong'aa kama kioo liwe la pili? Swali hilo ni la haki. Mwamuzi asiyeweza kueleza sababu zake hafai kuwa mwamuzi. Kwa hiyo nitaeleza.

Kazi zilizoletwa mwaka huu zilikuwa 18. Kila moja tuliiuliza maswali manne.

Swali la kwanza: mbao ni kavu?

Vijana wengi hudhani mti ukishapasuliwa kuwa mbao umekwisha kufa na hautacheza tena. Sivyo. Mbao hunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa iliyouzunguka. Ikikauka husinyaa, tena haisinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu hupungua kidogo mno, hata jicho halioni. Kwa upana hupungua sana; na upande unaofuata mviringo wa pete za mti husinyaa karibu mara mbili ya upande unaotoka kwenye kiini kwenda gome. Ndiyo maana ubao mbichi hupinda kama kigae. Chukueni ubao wenye upana wa sentimeta 30. Ukipungua asilimia 4 tu, umepoteza milimita 12. Hakuna gundi duniani itakayouzuia. Ama utapasuka, ama utang'oa kilichoushika.

Mwaka huu hatukutaka kubahatisha. Mwalimu wa fizikia alichukua vipande vya masalio ya mbao za kila kazi, akavipima kwenye mizani ya maabara, akavikausha katika oveni kwa joto la nyuzi 103 hadi uzito ulipoacha kupungua, kisha akavipima tena. Hesabu yake ni nyepesi: maji yaliyotoka unayagawanya kwa uzito mkavu, unazidisha kwa 100. Kipande cha dawati kilikuwa na gramu 57, kikabaki 50. Unyevu ni asilimia 14. Kipande cha kabati kilikuwa na gramu 62, kikabaki 50. Unyevu ni asilimia 24. Fenicha ya kukaa ndani ya nyumba huhitaji karibu asilimia 12, zaidi au pungufu kidogo kufuatana na hali ya hewa ya mahali. Kwa maneno mengine, kabati lile bado lina safari ndefu ya kukauka, na litaifanya safari hiyo likiwa limekwisha kuungwa.

Nitawapeni mfano kutoka kazini. Ofisi yetu ilipohamia Dodoma, baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, tulikwenda na meza mpya zilizotengenezwa pwani, kwenye hewa yenye unyevu mwingi. Zilikuwa zinapendeza. Kiangazi kimoja cha Dodoma kilitosha. Nyuso za meza zilifunguka katikati, droo zikalegea, na mzabuni alipoulizwa alisema tatizo ni hali ya hewa. Hali ya hewa ya Dodoma haikuanza mwaka ule, ndugu zangu. Fundi aliyejua kazi yake angeikausha mbao kwanza, na angeunga uso wa meza kwa namna ya kuuachia nafasi ya kutembea.

Swali la pili: viungo vimeungwaje?

Hapa ndipo tulipowashangaza wengi, maana tulipindua kila kitu juu chini. Mtu akitaka kujua ubora wa meza asitazame usoni, atazame tumboni. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Dawati tulipolipindua tulikuta kila mguu umechongwa tundu, na kila ubao unaounganisha miguu umechongwa ulimi unaoingia katika tundu hilo, umekaza, umetiwa gundi na kijiti cha kuufunga. Hakuna hata msumari mmoja kwenye miguu. Fundi mwenzetu alilikalia akalitikisa mbele na nyuma, halikulia.

Kabati nalo lina viungo vizuri katika fremu yake. Nasema hivyo waziwazi, kwa kuwa kijana aliyelifanya ana mkono mzuri kuliko wengi wa rika lake. Kosa lake ni moja. Ule ubao mpana wa katikati ya mlango ameutia gundi na misumari pande zote nne. Ubao wa namna hiyo unatakiwa ukae huru ndani ya mfereji wa fremu, bila gundi wala msumari, ili ukisinyaa usinyae peke yake na ukivimba uwe na pa kwenda. Mlango ule ukikauka utapasuka. Wala si suala la bahati mbaya. Unyevu wa asilimia 24 pamoja na kufungwa pande zote ni jambo tunaloweza kulitabiri leo.

Na hapo kuna jambo la kusikitisha zaidi. Paini za dawati, kutoka mashamba ya miti ya Sao Hill kule Mufindi, ni mti wa kupandwa, unaokua upesi, ukikatwa unapandwa mwingine. Mninga ni mti wa porini. Huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na aliyeukata kwa kawaida siye aliyeupanda. Ni mbao tulivu mno, haichezi sana kama mbao nyingine, mradi imekaushwa. Kuuharibu ubao wa mninga kwa haraka ya wiki tatu ni kupoteza kitu ambacho hakuna mtu katika ukumbi huu atakayekirudisha kwa muda wa maisha yake.

Swali la tatu: chombo hiki ni cha nani?

Sina maana ya nani amekileta. Nauliza atakayekitumia ni nani. Kijana wa dawati, wa Kidato cha Tatu, alikwenda shule ya msingi jirani na futi ya fundi cherehani. Aliomba ruhusa ya mwalimu, akapima watoto 20 wa Darasa la Tatu, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Akaandika vipimo vyote katika daftari, na daftari lile alilileta pamoja na dawati. Ndiyo sababu kiti chake kina kimo cha sentimeta 34, ili mtoto akikaa nyayo zake ziguse chini. Mnakumbuka mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza na shule zikafurika, nchi nzima iliingia katika kampeni ya madawati. Kazi ile ilikuwa kubwa na ya lazima, na watoto wengi waliinuka sakafuni. Lakini dawati linalotengenezwa kwa haraka huwa na kimo kimoja kwa wote, na mtoto wa miaka saba huning'iniza miguu siku nzima. Kijana huyu aliliona jambo hilo, akalifanyia kazi bila kutumwa na mtu.

Swali la nne: nani amefanya kazi?

Swali hili ni gumu, nami nitalisema kwa uangalifu. Kila mshindani tulimpa kipande cha mbao na randa, tukamwomba akisawazishe mbele yetu. Hatukuwa tunatafuta ustadi. Aliyezoea kazi hukigeuza kipande kwanza, akatazama nyuzi za mti zinaelekea wapi, ndipo akapiga. Asiyezoea hupiga tu, mbao ikachanika. Kazi moja iliondolewa mashindanoni na mwenyewe baada ya zoezi hilo. Hatukumwuliza zaidi, na jina lake halitatajwa. Aliyepata kununua kazi ya fundi wa mjini na kuileta kama yake amejinyima kile tu ambacho chama hiki kinaweza kumpa. Akirudi mwakani na kigoda alichokichonga mwenyewe, hata kikiyumba, tutakikalia.

Ndugu Mwenyekiti, hizo ndizo sababu. Sasa naomba niseme neno juu ya karakana yenyewe.

Mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitaka kila shule iwe na shamba au karakana, mwanafunzi asome na afanye kazi. Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 tuliyakuta masalio ya siasa hiyo: meza za kazi, jiliwa zilizofungwa kwa bolti, na ubao wa ukutani wenye michoro ya randa, patasi na misumeno, kila kifaa na kivuli chake, ili ijulikane jioni kipi hakijarudishwa. Leo jiliwa zinazofanya kazi ni 5 tu. Na tumesikia pendekezo kwamba chumba kile kigeuzwe chumba cha kompyuta.

Sipingi kompyuta. Mkate wangu wa kila siku unatoka kwenye kompyuta. Ila napinga wazo linalojificha nyuma ya pendekezo lile, kwamba useremala ni kazi ya walioshindwa mtihani. Kijana wa dawati amepima, ametafuta wastani, amechora, amehesabu gharama, amejua tabia ya mti na umbo la mtoto. Hiyo ni hisabati, fizikia na biolojia zilizokaa pamoja juu ya miguu minne. Vijana wangu, msikubali mtu yeyote awaambie kwamba mikono yenu iko mbali na akili zenu.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu kwa Chama cha Wanafunzi wa Zamani.

Kwanza, tununue mbao za mashindano ya mwakani sasa hivi. Kanuni ya zamani ya mafundi ni mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi moja ya unene. Kwetu, kwenye joto, huenda ikawa upesi zaidi, lakini wiki tatu haitoshi popote. Tujenge banda dogo lenye paa, upepo upite, mbao zipangwe zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, na ncha zake zipakwe rangi zisikauke haraka kuliko katikati. Tukifanya hivyo, hakuna kijana atakayelazimika kununua mbao mbichi wiki chache kabla ya mashindano. Kijana wa kabati hakuwa na pengine pa kupata mbao kavu, na hilo ni jukumu letu kuliko lake.

Pili, kila kazi ianzie na kumalizikia katika karakana ya shule, na kila mshindani awe na daftari la kazi. Waamuzi nao waandike sababu zao na kuzibandika ukutani, ili mtu ajifunze hata akishindwa.

Tatu, kabla ya kuamua hatima ya chumba kile, tuhesabu gharama za kutengeneza jiliwa 7 zilizokufa na kuezeka chumba kingine kwa ajili ya kompyuta. Nipo tayari kuifanya hesabu hiyo pamoja na Mkuu wa Shule bila malipo, na kuileta katika mkutano ujao ikiwa na bei za kweli.

Mwisho, namgeukia kijana wa kabati. Mdogo wangu, tuzo yako ni seti ya patasi, na umeistahili. Mlango wako haujapasuka bado. Fundi mwenzetu amekubali kukaa nawe Jumamosi ijayo, muifungue milango ile taratibu, muing'oe misumari, mchimbe mfereji, na ubao uachwe upumue. Lete kabati hilo tena mwakani. Sheria hairuhusu kazi moja kushindana mara mbili, lakini tutaliweka mlangoni, ili kila mgeni anayeingia aone namna mninga unavyokaa ukitendewa haki.

Dawati, kwa idhini ya mwenyewe, litapelekwa kesho kutwa katika lile Darasa la Tatu. Wenye nafasi waje kulibeba, maana ni zito.