Springi Ndogo za Pedi za Breki

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni juu ya breki za gari, na hasa juu ya kitu kidogo ambacho watu wengi hukitupa: springi zinazoshikilia pedi.

Kwanza tuitazame breki yenyewe. Magari mengi yana sahani ya chuma katika magurudumu ya mbele. Sahani hiyo huitwa diski, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Pedi mbili hukaa karibu nayo, moja kila upande. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyomo ndani ya kalipa, na pedi huibana diski mpaka gari lisimame. Breki za namna hii si mpya. Mwaka 1953 magari ya Jaguar yalizitumia, yakashinda mashindano ya Le Mans huko Ufaransa. Peugeot 504, gari lililopendwa sana Afrika Mashariki, lilikuwa nazo tangu lilipoanza kutengenezwa mwaka 1968.

Sasa sikilizeni vizuri. Pedi haikazwi kwa bolti. Lazima ipate nafasi ya kuteleza, iende na kurudi. Lakini kitu chenye nafasi hucheza. Pita na gari la zamani katika njia yenye mashimo kule Tandale au Mbagala, utasikia: ka, ka, ka! Kwa sababu hiyo pedi huwekewa springi za bati jembamba. Springi huizuia pedi isigonge, lakini huiacha iteleze.

Huenda mtu akakwambia, "Hizi hazina kazi, tupa." Usikubali. Pasipo springi, pedi hugonga na kula mahali pake pa kukaa, na mwisho huweza kukwama. Ikikwama bila kuachia, diski hupata moto, pedi huisha upesi, na petroli hupotea. Ikikwama bila kubana, gari huvutwa upande mmoja na huchelewa kusimama. Mtoto wa shule akivuka Barabara ya Kilwa mbele yako, hatua mbili za kuchelewa ni nyingi mno.

Kumbuka pia kwamba mji wetu uko kando ya bahari. Hewa ya chumvi na matope ya masika huleta kutu. Basi ukinunua pedi, nunua na springi mpya. Chukua ile ya zamani mkononi uende nayo katika maduka ya vipuri ya Kariakoo, uzilinganishe.

Hizi ndizo hatua za kazi. Mara ya kwanza, ifanye pamoja na fundi anayeijua.

1. Simamisha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati kabla ya kupiga jeki. Kisha weka stendi imara. Usitegemee jeki peke yake.

2. Fungua upande mmoja tu kwanza. Upande wa pili uache kama ulivyo. Huo ndio kitabu chako: ukisahau springi ilivyokaa, nenda ukausome.

3. Ukitoa kalipa, ifunge kwa waya. Usiiache ining'inie kwa mpira wa mafuta ya breki.

4. Safisha mahali pa kukaa pedi kwa brashi ya waya na kitambaa chenye maji. Vumbi la breki usilipulize. Pedi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huleta saratani.

5. Rudisha pistoni ndani polepole. Tazama chupa ya mafuta ya breki isifurike, maana mafuta hayo huharibu rangi ya gari.

6. Weka springi mpya, kisha pedi. Isukume pedi kwa kidole. Iteleze bila kulegea. Ikiwa ngumu, usiipige nyundo; tazama kama kutu imebaki au springi imegeuzwa. Grisi ya breki paka kidogo tu kwenye masikio ya pedi. Uso wa pedi na diski visiguswe na grisi hata kidogo.

7. Rudisha kalipa, kaza bolti zake, rudisha gurudumu. Kisha fanya upande wa pili. Pedi hubadilishwa magurudumu yote mawili kwa pamoja.

Hatua ya mwisho ni kubwa kuliko zote. Kabla gari halijaondoka, kanyaga breki mara nyingi mpaka iwe ngumu mguuni. Pistoni uliirudisha nyuma. Ukiondoka bila kufanya hivyo, mguu utafika chini na gari halitasimama. Kisha lijaribu polepole, mahali pasipo na watu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

Kwa nini pedi haikazwi kwa bolti?
Kwa nini tunafungua upande mmoja kwanza?
Andikeni sentensi tatu juu ya kazi ya springi.

Basi, ndugu zangu, ukimaliza kufunga breki ukakuta springi imebaki mkononi, usiitie mfukoni. Fungua tena uirudishe mahali pake. Kwaherini.