Soda ya saa nne
Kengele ya mapumziko ikilia, wewe unanunua nini?

Soda na andazi, si ndiyo? Jamani, chupa moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai! Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa ni bora mtu mzima asizidi kama vijiko 6 kwa siku. Sukari ya kunywa huingia kwenye damu haraka, na njaa hurudi mapema. Karanga tunazolima wenyewe zina mafuta na protini, humeng'enywa polepole. Tafuna kiganja kimoja, shushia na maji. Kiazi kitamu cha kuchemsha nacho chafaa, ila usimalize sufuria!

Lakini sikiliza. Mwenzako mwenye kisukari anayejidunga insulini akianza kutetemeka na kutoka jasho, karanga zitachelewa. Hapo mpe soda yenye sukari, nusu chupa, upesi. Dakika 15 zikipita bila nafuu, mwongezee. Akitulia, ale chakula. Akizimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mkimbizeni kituo cha afya.