Kura ya Ganda na Njia ya Mahakama

 Leo tuko wadi ya Ganda, Malindi, kaunti ya Kilifi.

Mnakumbuka tarehe 17 Oktoba 2019 wadi hii ilirudi debeni. Uchaguzi wa diwani wa 2017 ulikuwa umebatilishwa mahakamani. Siku mbili kabla ya kura, vurugu za kisiasa zilimuua mtu. Uchungu ni kwamba njia ya sheria ilikuwapo, na ndiyo iliyoleta kura hiyo.

Basi shika hili, mama, baba, nawe kijana. Ibara ya 87 ya Katiba yatoa siku 28 baada ya matokeo kutangazwa za kufungua kesi ya kupinga uchaguzi kama huo. Mpigakura wa kawaida aweza kuifungua. Si lazima awe mgombea. Kesi ya diwani husikizwa na hakimu, na dhamana ya gharama zake ni shilingi 100,000. Kwa mvuvi au mkulima wa mahindi hizo ni nyingi mno, nami naona zingepunguzwa.

Ushahidi huanzia kituoni. Kura zikishahesabiwa, fomu 36A ya matokeo ya diwani hubandikwa mlangoni: jina la kila mgombea na kura zake. Ipige picha kwa simu usiku uo huo, kabla haijabanduka.