Kukatwa Mguu si Kukatwa Kazi

Maneno tuliyowaambia watumishi wa serikali na jamaa zao katika mkutano wa Nizi, teritware ya Djugu, Ituri

Tunawashukuru wale waliokuja kwa magongo, na wale walioshikwa mkono na watoto wao kwa sababu macho hayaoni tena.

Wengi mmetuuliza: watu wa amani wanatafuta nini katika mambo ya kazi na mishahara? Jibu letu ni hili. Hapa Ituri, mtu akiondolewa kazini bila kuambiwa sababu, anajitafutia sababu mwenyewe. Na sababu iliyo karibu siku zote ni kabila. "Wameniondoa kwa kuwa mkubwa wetu ni wa upande ule." Neno hilo linaingia nyumbani, vijana wanalisikia, na vijana wana njia zao za kujibu. Tuliyaona hayo katika vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu mwisho wa mwaka 2017. Kwa hiyo kudai haki ya kazi kwa njia ya sheria ni kazi ya amani. Dai lililoandikwa vizuri linamwondolea jirani lawama isiyo yake.

Tuchukue mfano. Si wa mtu mmoja tunayemtaja, lakini wengi wenu mtaujua. Mwalimu anapigwa risasi barabarani. Anakaa hospitali miezi mingi, anakatwa mguu. Wakati huo wakaguzi wa mishahara wanapita shuleni. Hayupo, hakuna aliyewaeleza yuko wapi, basi anaandikwa kuwa ameacha kazi. Jina linatoka kwenye listi. Anaporudi kwa magongo anaambiwa kwa upole: "Pumzika kwanza nyumbani, tutakuita." Hakuna barua. Hakuna anayemwita. Mwaka unapita.

Ndugu zetu, huko ni kufukuzwa kazi. Kufukuzwa kwa upole bado ni kufukuzwa. Na kama sababu ni mguu uliokatwa, huo ni ubaguzi.

Sheria zinasema nini? Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 13, inakataza ubaguzi katika kupata kazi za serikali kwa ajili ya dini, kabila, ukoo na mengine. Ulemavu hautajwi kwa jina katika orodha hiyo. Lakini kifungu cha 49 kinasema kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tarehe 30 Septemba 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 27 cha mkataba huo kinakataza ubaguzi katika kuajiriwa na pia katika kuendelea na kazi. Tena tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya nchi yenyewe, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Kabla ya hizo zote, mwaka 1987, nchi yetu ilikubali mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani. Huo unasema kwamba kukosekana kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumfukuza mtu.

Katika mkataba wa Umoja wa Mataifa kuna neno moja tunaloomba mlishike: marekebisho yanayofaa. Maana yake ni kwamba mwajiri, kabla ya kusema "huwezi tena," anapaswa kutafuta jinsi ya kukuwezesha, mradi isiwe mzigo unaopita kiasi. Mwalimu wa mguu mmoja apewe darasa lisilo na ngazi. Muuguzi ambaye mkono wake umekufa aandike kadi za wagonjwa badala ya kuchoma sindano. Mambo haya hayangoji pesa kutoka Kinshasa.

Tuwape mfano wa mbali. Huko Hispania, polisi mmoja wa mji wa Barcelona aliumia katika ajali ya barabarani mwaka 2009. Mwaka uliofuata alilazimishwa kustaafu kwa sababu ya ulemavu. Aliomba abaki katika polisi kwa kazi nyingine inayofaa mwili wake. Wakuu wa mji wakakataa, kwa kuwa kanuni yao haikumruhusu mtu aliyetangazwa hawezi kazi moja kupewa nyingine. Alishindwa katika mahakama za nchi yake, akapeleka malalamiko kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 Kamati ikasema kwamba haki zake zilivunjwa, maana hakuna aliyeangalia ni kazi gani bado anaweza kufanya. Kamati hiyo haina askari wa kutekeleza maneno yake. Hata hivyo fundisho ni wazi: kushindwa kazi moja si kushindwa kazi zote.

Sasa, mtu afanye nini? Tunawashauri mambo matano.

Kwanza, omba sababu kwa maandishi. Andika barua kwa mkubwa wako wa kazi, kwa heshima, bila matusi na bila kutaja kabila la mtu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mtu asiye na nakala ni kama hakuandika.

Pili, kusanya karatasi: barua ya kuajiriwa, namba ya matrikule, hati za mshahara za zamani, cheti cha daktari kinachoonyesha tarehe ulizolazwa. Kama nyumba iliteketea na karatasi zote, tafuta wenzako waliofanya kazi nawe watoe ushahidi wa maandishi.

Tatu, usidai mshahara tu. Eleza kazi unayoweza kufanya na marekebisho unayohitaji. Hapo mzigo wa kujibu unamwangukia aliyekuondoa.

Nne, usichelewe. Kabla ya kushtaki uamuzi wa serikali ni lazima kwanza umlalamikie mkubwa aliyeutoa, na muda wa kufanya hivyo huhesabiwa kwa miezi, si kwa miaka. Uamuzi uliotoka kwa wakuu wa Kinshasa hushtakiwa kwenye Conseil d'Etat. Ule wa wakuu wa jimbo au chini yao una mahakama za karibu zaidi. Muulizeni avoka mapema. Na ninyi mliofanya kazi chini ya sheria ya kazi ya mwaka 2002, njia yenu ni nyingine: mnaanza kwa mkaguzi wa kazi, ambaye anajaribu kwanza kuwapatanisha na mwajiri.

Tano, msichanganye dai hili na fidia za mahakama ya La Haye. Fidia zilizotokana na kesi za Lubanga, Katanga na Ntaganda ni kwa watu walioumizwa na makosa ambayo hao walihukumiwa. Dai la kazi ni dhidi ya mwajiri wako, hata kama aliyekupiga risasi hajulikani mpaka leo.

Hatutaki kuwadanganya. Barua haileti mshahara kesho. Barabara ya Bunia ina hatari zake, avoka anaomba pesa, na faili linaweza kulala. Tena sheria haimlindi mlevi wala mwizi kwa sababu ni mlemavu. Lakini watu kumi wakiandika pamoja, Wahema na Walendu na wengine, wakisema "sisi sote tuliondolewa kwa sababu moja," nani atasema tena kwamba hii ni vita ya kabila? Risasi haikuwauliza kabila. Dai lao nalo lisiulize.

Kwenu wakuu wa shule na wa vituo vya afya mlioketi hapa: mambo mengi yako mikononi mwenu. Wakaguzi wakipita, mwandikeni mtu wenu kuwa yuko hospitali. Msikubali aandikwe kuwa ametoroka. Akirudi, mpokeeni, mkae naye, mmwulize: "Unaweza nini?" Swali hilo halina gharama, na linaweza kuokoa nyumba nzima.

Wazee walisema: hujafa hujaumbika. Sisi tunaosimama leo kwa miguu miwili hatujui ya kesho. Tukilinda kazi ya ndugu aliyeumia, tunalinda na yetu.

Amani ikae Nizi na Ituri yote.