Kuilinganisha Baiskeli na Mwili wa Mwenyewe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Twajua sote bei ya baiskeli, na jinsi wengi wetu tunavyoilipa kidogo kidogo katika mshahara. Ajabu ni kwamba mtu asiyekubali suruali pasipo kupimwa na fundi huipokea baiskeli dukani kama ilivyo, akaipanda hivyo hivyo miaka kumi. Magoti yakimwuma, asema ni uzee.

Tuanze na kiti. Wengi hukiteremsha ili nyayo zote mbili zifike chini wakiwa wamekaa. Sisi twaona hilo si jema, kwa maana goti hukunjwa mno kila mzunguko, nalo huuma upande wa mbele. Kikizidi kwenda juu, nyonga huyumba, na maumivu huhamia nyuma ya goti. Basi, mwenzako na ashike usukani, wewe ukae kitini, uweke kisigino juu ya kanyagio lililo chini kabisa: mguu unyooke pasipo nyonga kuinama. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama ipasavyo, goti litabaki limekunjika kidogo. Wapendao hesabu (na makarani hatuwakosi) watumie ile ya Hamley na Thomas wa Uingereza, ya mwaka 1967: pima mguu kwa ndani toka sakafuni hata msambani, uzidishe kwa 109, ugawanye kwa 100. Mguu wa inchi 32 wapata inchi 35 kasoro kidogo, toka kanyagio la chini hata juu ya kiti.

La pili latuhusu sisi wa kalamu hasa. Kiti kilichoinama mbele humtelezesha mtu, uzito wake ukaangukia viganja. Hapo mshipa wa fahamu upitao upande wa kidole cha mwisho hubanwa, na kidole hicho pamoja na cha pete hufa ganzi. Afikapo ofisini, mwandiko wake wamshtaki. Kiti kiwe sawasawa, usukani uinuliwe ulingane nacho au ukipite kidogo, na viwiko visikazwe.

Chuma cha kiti kina alama. Isionekane nje, maana kikivutwa mno huvunjika. Na kama kiti kimeshuka kabisa lakini mguu haufiki, fremu ni kubwa, spana haina dawa. Afadhali kubadilishana na mwenzako mrefu.

Baiskeli zilizo nje zaweza kutazamwa sasa hivi. Spana mbili tumekuja nazo.